Mvua Moja kwa Mwaka: Matembezi ya Nachingwea na Ruangwa

Mkenya anayevuka mpaka pale Namanga au Lungalunga huwa tayari na Tanzania yake kichwani: Arusha ya mbuga, Dar es Salaam ya biashara, Unguja ya mapumziko. Kusini hakumo. Kumbe kutoka Dar es Salaam lami inateremka hadi Rufiji, inavuka Daraja la Mkapa na kufika Lindi. Ukifika Mnazi Mmoja unaipa bahari kisogo na kushika njia ya Masasi. Huko bara ndiko ziliko Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, nchi ya Wamwera wanaoishi pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Hakuna mlima wa theluji wala ufuo. Ni nchi ya wakulima, na anayetaka kuielewa aende mwishoni mwa Novemba au Desemba, siku chache baada ya mvua ya kwanza.

Sisi Wakenya tumezoea mvua mara mbili kwa mwaka. Masika ikitutupa, tunasubiri vuli. Ukanda wa mvua hulifuata jua, nalo jua hutupitia likienda kusini na tena likirudi kaskazini, miezi mingi ikiwa katikati. Nachingwea iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kule jua hupita utosini Oktoba, likageuka na kurudi Februari, na kwa kuwa mapito hayo yamekaribiana, mvua zake huungana zikawa msimu mmoja hadi Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mvua ikikosa, hakuna ya pili ya kufidia.

Wagiriki wa visiwani wangeielewa hali hii. Kule Krete au Corfu, joto la katikati ya mwaka huunguza nyasi zote, na mvua za Oktoba na Novemba ndizo zinazorudisha kijani na kuwatoa konokono mafichoni, wakati uleule ambao watu wanaanza kuchuma zeituni. Majani mapya chini, mavuno juu ya mti. Ukitoka kwa miguu katika vijiji vya kata ya Mtua, wilayani Nachingwea, asubuhi baada ya mvua, unakutana na mambo hayohayo mawili kwa pamoja, ila mti ni mkorosho.

Vumbi limelala. Njia ya mchanga iliyokuwa ikizamisha miguu sasa imeshikana, na kwenye udongo mwekundu utelezi umeanza. Porini miombo haikuisubiri mvua: ilikwisha kuchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba wiki kadhaa nyuma, na sasa yanageuka kijani. Majongoo weusi, wanene na warefu kuliko kidole, wanavuka njia bila haraka. Usiku kumbikumbi waliruka kutoka vichuguuni. Watoto waliwatega kwa taa iliyowekwa juu ya beseni la maji, na asubuhi hii wanakaangwa kwa chumvi. Uyoga utafuata. Miembe imeinama kwa matunda, na bei ya embe imeporomoka kwa sababu kila nyumba inalo.

Chini ya mikorosho kuna kazi ya haraka. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazil, na tunaujua Kilifi na Kwale, lakini hapa ndio uti wa mgongo wa mapato. Mavuno huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo mvua ya kwanza huwakuta watu bado wanaokota. Mabibo yaliyoanguka yamelowa na yanachacha. Mengine yamekwisha kukamuliwa uraka, pombe ya mabibo. Korosho yenyewe ikilala kwenye unyevu hupoteza daraja, na daraja ndilo linaloamua bei. Ndiyo maana uani utaona korosho zimeanikwa, na mtu wa kuziangalia mawingu yakikusanyika. Kutoka hapo huenda chama cha msingi, kisha ghalani, kisha mnadani chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Nyingi huuzwa ghafi, zikabanguliwa India na Vietnam. Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza mnadani kwa sababu ya bei ndogo, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kusomba mzigo. Mambo hayo hadi leo ni mazungumzo ya barazani.

Hatua chache kutoka kwenye mikorosho, mwaka mwingine umeanza. Mmoja anatangulia na jembe akichimba vishimo, mwingine anafuata akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu: mahindi, na mbaazi katikati yake. Ufuta utapandwa baadaye, mvua ikishatulia. Ukipita, salimia kwanza. "Shikamoo" hufungua maongezi, na baada ya "Marahaba" utaulizwa kama kwenu imenyesha. Mazao yakikua kutajengwa dungu la kulindia nyani na nguruwe. Miezi ya Januari na Februari ndiyo migumu, akiba ikiwa imepungua na shamba bado bichi. Muhogo husaidia, kama vile kiangazini ming'oko, viazi mwitu vinavyochimbwa porini na kuchemshwa, ilivyowavusha wengi.

Kata nyingine ya Nachingwea inaitwa Stesheni, ingawa hakuna treni. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalifyeka msitu kabla bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku hazijakamilika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, paundi milioni 36 zikiwa zimepotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilifanya Nachingwea kuwa kambi yake kuu ya mafunzo hadi karibu na uhuru wa Msumbiji mwaka 1975.

Leo Ruangwa inajulikana kwa timu ya soka ya Namungo na kwa mbunge wake wa zamani Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10 tangu 2015. Wachimbaji wanazungumzia grafiti ya Chilalo upande wa Ruangwa na nikeli ya kilima cha Ntaka upande wa Nachingwea. Huenda madini hayo yakaleta barabara na ajira. Lakini mpango wa karanga ulikuwa na fedha na mashine, na ukashindwa, wakati mkulima wa jembe la mkono bado anavuna karanga katika ardhi ileile. Yeye hupanda kidogo kidogo, huchanganya mazao, na hategemei mti mmoja wala mbegu moja, kwa kuwa anajua mvua ni moja. Mwekezaji yeyote anayekuja angefanya vyema kuanza kwa kutembea naye shambani mwezi Desemba.