Paulus Gerdes na Hesabu za Mchangani

Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba hesabu zililetwa na shule, na kwamba mababu walikuwa na michezo tu. Leo tumtazame mtu aliyeonyesha kwamba hesabu zilikuwamo ndani ya michezo hiyo.

Paulus Gerdes alizaliwa Uholanzi mwaka 1952. Baada ya Msumbiji kupata uhuru alikwenda kufundisha huko, akawa mkuu wa chuo kikuu cha ualimu mjini Maputo, na akaendelea na kazi hiyo ya utafiti hadi alipofariki mwaka 2014. Kitabu chake kimoja, Lusona, kinahusu burudani za kijiometri za Afrika.

Lusona (wingi wake ni sona) ni mchoro wa Wachokwe wa Angola na nchi jirani. Mzee husawazisha mchanga, huweka vitone kwa ncha za vidole katika safu zilizonyooka, kisha huvizungushia mstari bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi au kutega kitendawili.

Je, mstari mmoja unatosha kuvizunguka vitone vyote? Kwa sona zinazofanana na mkeka uliosukwa, Gerdes alieleza kwamba tunahitaji kile tulichofundishwa shule ya msingi: Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS). Safu 5 zenye vitone 6 kila moja: KKS ya 5 na 6 ni 1, hivyo mstari mmoja unatosha. Safu 4 zenye vitone 6: KKS ni 2, hivyo kidole lazima kiinuliwe na kuanza mstari wa pili.

Sisi tunaosoma falsafa tunakumbuka Socrates katika Meno, akimwuliza kijana mtumwa maswali juu ya mraba hadi kijana akaliona jibu mwenyewe. Gerdes naye alitaka mwalimu aanzie kwenye vitu ambavyo mwanafunzi tayari anavijua: kikapu, mkeka, mtego wa samaki.

Biashara ya utumwa na ukoloni vilidhoofisha elimu ya sona. Sehemu kubwa ya zile tunazozijua leo zilinakiliwa na wamisionari na watafiti kabla mabingwa wake hawajaisha. Huku kwetu Mwanza, Wasukuma wana isolo, mchezo wa jamii ya bao. Wazee wanaoujua vizuri bado tunasali nao parokiani. Tuketi nao, tujifunze, tuandike, wangali hai.