Dondoo za Mimea Katika Krimu na Losheni: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kununua

Mafuta na maji havichangamani kwa urahisi. Hata hivyo, tui la nazi huwa jeupe na zito kwa kuwa matone madogo ya mafuta yametawanyika ndani ya maji. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emulsheni. Tui likiachwa, mafuta hupanda juu. Ili bidhaa zao zisijitenge hivyo, watengenezaji huongeza polima, yaani molekuli ndefu kama zile za gundi ya mgunga, ambazo huyazunguka matone na kuyazuia yasiungane.

Emulsheni hutumika pia kutoa viambato katika mimea. Baadhi ya viambato, kama tanini, huyeyuka katika maji. Vingine, kama kurkumini inayoipa manjano rangi yake, huyeyuka vyema zaidi katika mafuta. Mmea uliosagwa ukikorogwa ndani ya emulsheni, aina zote mbili hutoka kwa pamoja, na haja ya viyeyushi vikali kama heksani hupungua.

Lakini emulsheni haichagui. Ikiwa mmea una sumu, kizio au masalia ya viuatilifu, navyo vyaweza kuingia katika dondoo. Kwa hiyo neno "asilia" si dhamana ya usalama.

Mtumiaji unashauriwa:

1. Soma orodha ya viambato. Kwa kawaida vilivyo vingi hutajwa kwanza. Mmea uliochorwa kwenye chupa waweza kuwa wa mwisho katika orodha.

2. Tambua kuwa bidhaa yenye maji huhitaji kihifadhi. Krimu iliyotengenezwa nyumbani bila kihifadhi yaweza kujaa bakteria kwa siku chache, hata kabla haijanuka.

3. Pakaa kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku mbili. Ukiona wekundu, muwasho au uvimbe, acha kuitumia.

4. Usitumie bidhaa iliyojitenga au kubadilika harufu. Kuitikisa hakuirejeshei usalama. Irudishe dukani pamoja na risiti.

5. Hakikisha ina jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kipodozi si dawa. Muuzaji akidai kwamba krimu yake huponya ugonjwa, usiache matibabu yako. Mwulize kwanza mfamasia au daktari.