Adhabu ya Kughusubu Nafasi ya Mwenye Ulemavu

Msafiri atokaye kijiji cha Dimani, akapitia Kibiti na kuifuata Barabara ya Kilwa hata akaingia Dar es Salaam, huiona katika viwanja vya hospitali, benki na maduka makubwa ile alama nyeupe ya kiti mwendo juu ya rangi ya buluu, ambayo asili yake ni mchoro wa mwaka 1968 wa mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, na ambayo maana yake ni kwamba mahali hapo pamewekewa mtu mwenye ulemavu. Wala si ajabu akaikuta imekaliwa na gari la mtu mzima wa viungo, aliyejisemea kuwa hatakawia.

Katika huko kutokawia ndimo ilimojificha dhuluma. Nafasi ile haikupanuliwa kwa heba, bali kwa hesabu: kanuni za Marekani hutaka futi 8 za gari na ujia wa futi 5 ubavuni mwake, uliochorwa mistari, kwa kuwa mwenye kiti mwendo hana budi aufungue mlango wote, akishushe kiti, akikunjue, akisogeze karibu naye, kisha ajihamishe kwa nguvu za mikono yake. Anayeegesha juu ya mistari ile, ijapokuwa nafasi yenyewe ameiacha wazi, amemfungia mwenziwe ndani ya gari, au amemzuia nje asiweze kurejea kwake.

Katika Falme za Kiarabu, ambako jamaa zetu wengi wa pwani wamekwenda kutafuta riziki, mkosaji hutozwa dirhamu 1,000 na kuandikiwa alama 6 za makosa katika leseni yake; na Uingereza, mwenye kuitumia vibaya kadi ya buluu ya maegesho aweza kutozwa faini ifikayo pauni 1,000. Kadi ile ni ya mtu, si ya gari, hata mpwa akiiweka kiooni ilhali mjomba wake amebaki nyumbani, amekwisha kuingia hatiani. Kwangu mimi, zile alama za makosa ndizo zenye insafu zaidi, maana tajiri huilipa faini kama alipaye ushuru wa maegesho, lakini leseni ikiwa hatarini, tajiri na maskini huogopa sawasawa.

Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya watu hao, Na. 9 ya 2010. Zanzibar ilikwisha kutunga yake tangu 2006. Lakini Dimani na vijiji vya jirani, ambako magari ni machache, nafasi inayoghusubiwa si ya gari: ni ile njia ya mteremko mlangoni mwa zahanati au ofisi, ambayo kwa kipimo kinachofuatwa sana duniani hutakiwa kwenda hatua 12 mbele kwa kila hatua 1 ya kupanda. Bodaboda moja ikiegeshwa chini yake, mgonjwa aliyekuja kwa baiskeli ya magurudumu matatu, akiinyonga kwa mikono, hukaa juani mpaka mwenye pikipiki atafutwe. Na mama aliyembeba mtoto asiyeweza kutembea hulazimika kupita ngazini.

Dawa ya jambo hili haihitaji kungojewa kutoka mbali. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ikiisha kusikiliza maoni ya mkutano mkuu wa kijiji na kupata idhini ya halmashauri ya wilaya, ambayo kwa Dimani ni ya Kibiti. Humo yaweza kuandikwa ni kiasi gani atozwe aliyeziba njia, nani aipokee faini na kutoa stakabadhi, na kwamba fedha hizo zitengeneze mteremko uliobomoka. Na watu wenye ulemavu wa kijiji hicho wawe wa kwanza kusema njia ianzie wapi na iachwe wazi kwa upana gani.