Kilimanjaro, picha moja kila sekunde tano
Ukiwa Amboseli, upande wa Kenya, kabla jua halijachomoza, Kilimanjaro mara nyingi huwa wazi. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni, hupoa na kugeuka wingu. Kabla ya adhuhuri huenda kilele cha mita 5,895 kisionekane tena. Macho hayana subira ya kufuatilia mwendo huo. Kwenye taimulapsi, yaani picha zilizopigwa moja moja kwa vipindi na kuungwa kuwa video, wingu hufura kama maziwa jikoni.

Kazi yote imo katika kuchagua kipindi. Video huonyesha picha kama 25 kwa sekunde. Ukipiga moja kila sekunde 5, saa nzima inakupa picha 720, ambazo hazijazi hata nusu dakika. Ukiachanisha kwa sekunde 30, mawingu yatarukaruka. Nafasi hiyo iache kwa nyota.

Otomatiki zote zizimwe: fokasi, mwanga, rangi. Kamera ikiachiwa kupima mwanga yenyewe, itabadili kipimo kila wingu linapopita mbele ya jua, na video itapepesa hadi ikuumize macho. Programu za kuliponya hilo zipo, lakini ni heri kulizuia mapema.

Usiku, shata ya sekunde 20 kwa lenzi pana inatosha. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukizidisha, nyota hugeuka vistari.

Wengi huiga video za Ulaya, ambako nyota huizunguka Nyota ya Kaskazini iliyo juu angani. Huku karibu na Ikweta hesabu ni nyingine. Amboseli iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini, hivyo kitovu cha anga la kusini kinakaribia kugusa ardhi. Ukielekeza kamera mlimani, nyota huchomoza kushoto, hupita juu ya mlima kwa upinde na kuzama kulia. Ukiigeuza mashariki, hupanda karibu wima; basi simamisha kamera wima pia. Katikati ya Desemba, zile nyota tatu za mstari katika kundi la Orion huchomoza jua linapotua, na usiku wa manane zinakuwa karibu utosini.

Hifadhini magari hayazururi usiku, kwa hiyo tega kamera kambini. Futa umande kwenye lenzi, na uwe na pawabenki: betri moja ni nadra kufika alfajiri.