Usajili wa SHA: Nani Ataona Habari za Afya Yako?

Mhudumu wa afya ya jamii anapobisha mlango mtaani Kitengela akiwa na simu ya kusajili watu, wapo wakazi wanaosita kutoa nambari ya kitambulisho. Wanajiuliza: habari za ugonjwa wangu zitaishia wapi?

Swali hilo lina msingi, na sheria inalijibu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ni data nyeti. Una haki ya kuelezwa kwa nini zinachukuliwa, kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Zikitumiwa vibaya, peleka malalamishi kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kutojisajili nako kuna hasara. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Aliyesajiliwa hupata matibabu ya msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Ili bima ilipie kulazwa hospitalini, ni lazima pia uwe umelipa mchango: asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua Sh300 kwa mwezi.

Unaweza kujisajili mwenyewe kwa kubonyeza *147#, hata kwa kabambe.

Tahadhari: usajili ni bure na hauhitaji PIN yako ya M-Pesa. Anayeiomba ni tapeli.