Kabla hujamfuata mwenzako shimoni

Tuseme, msomaji, unafanya kazi katika kiwanda kidogo cha Eneo la Viwandani, Nairobi. Ni saa nne asubuhi. Tangi la majitaka nyuma ya jengo limeziba tangu jana, na msimamizi ametoka langoni akatafuta kibarua, wakapatana bei. Kibarua anafunua mfuniko, anateremka na ndoo na koleo. Baada ya dakika mbili unasikia ndoo ikianguka. Unachungulia na kumwona amelala kifudifudi chini, kimya. Wewe ndiye uliye karibu. Utafanya nini?

Wengi wetu hatuhitaji kufikiri. Tutaingia tumtoe. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akianguka mbele yako humpiti ukaenda zako. Lakini waliosomea usalama wa kazini watakuambia jambo linalouma kulisikia: ukiingia hivyo ulivyo, huenda wakatolewa maiti wawili badala ya mmoja, na akitokea mwingine mwenye huruma kama yako, watatu.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Mwaka 1986, NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya ya wafanyakazi, ilitoa mwongozo kuhusu kazi za ndani ya matangi, mashimo na sehemu nyingine zilizofungika. Ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliofia humo walikuwa watu walioingia kuwaokoa wenzao. Hapa kwetu pia, habari za choo, kisima au tangi lililoua ndugu wawili au watatu kwa mpigo si ngeni kwa msomaji wa magazeti.

Ndiyo sababu leo nataka tuzungumzie mafunzo ya usalama na afya kazini. Waajiri wengi huyaona kama gharama ya bure, na wafanyakazi wengi huyaona kama nafasi ya kukaa hotelini wakinywa chai ya saa nne kwa pesa za kampuni. Shimo hilo la majitaka linaonyesha vizuri kuliko mfano mwingine wowote mafunzo hayo ni ya nini.

KWA NINI SHIMO HUUA

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni kiasi cha asilimia 20.9. Ikipungua chini ya asilimia 19.5, mahali hapo hapaingiliki bila chombo cha kupumulia. Ikishuka chini ya 10, mtu huzirai. Chini ya 6, hufa kwa dakika chache. Ubaya ni kwamba mwili haukupi onyo la maana. Huhisi kukabwa koo kama anayezama majini. Unapata kizunguzungu kidogo, magoti yanalegea, basi.

Oksijeni hiyo huenda wapi? Katika shimo la uchafu huliwa na vijidudu vinavyoozesha takataka. Lakini hata tangi tupu la chuma, safi, ambalo halijawahi kutiwa sumu yoyote, laweza kumwua fundi likiwa limefungwa kwa miezi kadhaa. Chuma kinaposhika kutu hula oksijeni, na tangi lililofungwa halina pa kuipata nyingine. Fundi anayeingia humo kulipaka rangi haoni wala hanusi chochote cha kumtia shaka.

Kisha kuna gesi zenye sumu. Ile ya haidrojeni salfaidi, inayotoka kwenye majitaka, hunuka mithili ya yai viza. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikizidi kiasi cha sehemu 100 katika kila sehemu milioni za hewa, hufisha uwezo wa pua kunusa. Mtu hujiambia kwamba harufu imeisha na sasa ni salama kuendelea, kumbe pua yake ndiyo iliyokufa. Ikizidi zaidi ya hapo mara kadhaa, humwangusha mtu papo hapo.

Wachimba visima nao wana adui yao. Maji yakijaa kisimani, huteremsha pampu ya petroli ili kuyanyonya, kisha mmoja anashuka kuendelea na kazi. Moshi wa injini hiyo huacha gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Mafundi wengine huteremsha mshumaa au kibatari kwanza, na ukiendelea kuwaka hushuka bila wasiwasi. Hili ni jambo la hatari. Mshumaa huzimika oksijeni inapokuwa imekwisha kupungua sana, kiasi cha asilimia 16 hivi. Hauonyeshi kama kuna haidrojeni salfaidi au kaboni monoksaidi. Isitoshe, shimo likiwa na methani, gesi inayotokana na uchafu uliooza, huo mshumaa ndio utakaolilipua. Kinachofaa ni kipimo cha gesi, kijisanduku kinachoshikika mkononi, ambacho huteremshwa kwa kamba na kupima hewa ya juu, ya katikati na ya chini kabla mtu hajaweka mguu.

Na ile barakoa ya kitambaa au karatasi? Huzuia vumbi. Haizuii gesi, na hakuna kichujio chochote duniani kinachoweza kuumba oksijeni mahali isipokuwapo.

KAZI YA ASIYEINGIA

Sasa mtazame mtu aliyefunzwa barabara. Swali lake la kwanza halihusu glavu wala buti. Anauliza: kwani ni lazima mtu aingie? Lori la kunyonya majitaka linaweza kuifanya kazi hiyo kutoka nje, na mti mrefu wa kuzibulia unaweza kufika chini bila mwenye nao kushuka. Hili ndilo somo la msingi la taaluma yote hii. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Ikishindikana, itenge na watu. Halafu panga utaratibu wa kazi. Mavazi ya kujikinga huja mwisho. Viwandani kwetu mambo mara nyingi hufanywa kinyume. Mwajiri hununua kofia ngumu 50, akapiga picha, akaona amemaliza.

Ikiwa ni lazima mtu aingie, hewa husukumwa ndani kwa feni kwa muda wa kutosha, kisha hupimwa, na huendelea kupimwa kazi ikiendelea. Anayeshuka hufungwa mkanda wa mwili wenye kamba, na ncha ya kamba hiyo hubaki mikononi mwa mtu aliye nje, au katika kapi lililotundikwa kwenye miguu mitatu juu ya mdomo wa shimo. Ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inautaja mkanda huo na kamba hiyo waziwazi kwa anayeingia mahali penye mvuke wa hatari, ila pale ambapo mtu mwenye ujuzi amepakagua na kuthibitisha kuwa ni salama.

Kamba hufungwa kabla mtu hajashuka. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua nani atakufa. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika kama nne. Aliyefungwa kamba anaweza kuvutwa juu ndani ya muda huo bila mtu mwingine kuingia. Asiyefungwa, hapana njia ya kumfikia ila kumfuata.

Aliye nje ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, ingawa mpita njia atamwona kama mtu aliyesimama bure. Haendi chooni, haitwi kushika kitu kingine, hapokei simu. Anazungumza na aliye ndani, anatazama kipimo, anashika kamba. Lolote likitokea, yeye haingii. Kumfundisha mtu asiingie wakati rafiki yake anakufa mbele ya macho yake si jambo la kusomewa kwenye karatasi siku moja. Kunahitaji mazoezi: mtu ajifanye amezirai, avutwe kweli, muda uhesabiwe, mikono izoee. Mkufunzi asiyewatoa wanafunzi wake nje ya ukumbi hata siku moja amewauzia cheti.

SHERIA INATAKA NINI

Sheria hiyo ya 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya viwanda, haikuhusu viwanda peke yake. Inahusu kila mahali pa kazi: ofisi, hoteli, duka, shamba la maua, mjengo. Inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi wa kutosha ili wasidhurike.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama na afya. Kanuni za kamati hizo, za mwaka 2004, zinaeleza kwamba wajumbe wawe nusu upande wa wasimamizi na nusu upande wa wafanyakazi, kwamba wakutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na kwamba kila mjumbe apate mafunzo ya msingi ndani ya miezi sita tangu ateuliwe au achaguliwe. Katika mafunzo hayo mjumbe husoma sheria, jinsi ya kutambua hatari, kuchunguza ajali, moto, huduma ya kwanza, na magonjwa yatokanayo na kazi.

Hayo magonjwa tusiyaruke. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni tatu hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao, na kati yao milioni 2.6 huuawa na maradhi. Vumbi la pamba na la saruji haliangushi mtu kwa dakika mbili, na kelele haimwagi damu. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinakataza mtu kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Lakini kama hakuna aliyefunzwa kuipima, mashine itanguruma miaka kumi, na mwenye kuisimamia atadhani kuwa wanawe nyumbani siku hizi wanazungumza kwa kunong'ona.

Wapo pia wanaoifanya kazi hii kuwa taaluma ya maisha. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia hutoa shahada ya uzamili katika usalama na afya kazini, na wengine hufanya mtihani wa NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979. Ni vyema. Hata hivyo, afisa mwenye vyeti vitatu ukutani hamsaidii kibarua aliye shimoni ikiwa hao wawili hawajawahi kuonana.

Hapo ndipo penye kidonda, kwa maoni yangu. Wanaopelekwa mafunzoni ni walioajiriwa kwa kudumu: karani, fomeni, mkuu wa stoo. Anayetumwa shimoni ni yule aliyeokotwa langoni asubuhi, ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara wala katika ile ya waliofunzwa. Sheria haimtupi, inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama wa wote wanaofanya kazi hapo, awe ameajiriwa kwa mkataba au kwa siku. Ni ratiba ya mafunzo inayomtupa.

Mwajiri anayelalamikia ada ya mafunzo afanye hesabu nyingine. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, pia ya mwaka 2007, mfanyakazi akifa kazini wanaomtegemea hustahili malipo ya mapato yake ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane ya mshahara.

Tuna msemo wetu kwamba ajali haina kinga. Nimeusikia ukitamkwa matangani na mwajiri aliyeleta mchele na sukari, na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Kwa radi, sawa. Kwa mtu aliyeshushwa katika tangi bila kamba, sikubali.

Kwa hiyo kesho ukifika kazini, uliza kama kamati ipo, wajumbe ni nani, na walifunzwa lini. Uliza zoezi la moto lilifanywa lini, kwa sababu kanuni za 2007 zinataka lifanywe angalau mara moja kila miezi 12. Kama kuna tangi, shimo au kisima, uliza kipimo cha gesi kimewekwa wapi, na nani ajuaye kukitumia. Ukijibiwa kwa kicheko, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS, ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia na kusimamisha kazi.

Ukiagizwa kuteremka mahali ambapo una sababu ya haki ya kuamini kwamba patakuua, unaruhusiwa kuondoka na kutoa ripoti kwa msimamizi wako. Sheria inakataza kukufukuza au kukuadhibu kwa hilo.

Na ikiwa tayari yuko chini, kimya, wala hana kamba? Piga kelele watu waje, lakini simama mlangoni pa shimo umzuie yeyote asiingie, hata kwa kumshika nguo. Mtu mmoja apige 999 au 112, aseme waziwazi kwamba mtu amezirai ndani ya shimo, ili wanaokuja waje na mitungi ya hewa ya kupumulia. Zimeni moto na sigara. Kama kuna feni, isukumeni hewa safi ndani kutoka nje. Akishatolewa, mlazeni chali mahali penye hewa, na ikiwa hapumui, aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua bila kungojea ambulansi.