Bondi ya polisi ni bure: kwa nini ni vigumu kumshtaki anayeiuza?

Ndugu yako amekamatwa jioni. Unafika kituoni, unaambiwa ulete "pesa ya karatasi" au "mafuta ya pikipiki" ndipo aachiwe. Hapa Uganda dhamana ya polisi, ile tunayoiita bondi, haina malipo. Tena Katiba, kifungu cha 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiwa. Haki hiyo ni ya mkimbizi na mwenyeji sawasawa.

Wengi wanalijua hilo na bado wanalipa, kwa sababu mtoto amelala sakafuni na kesho ni Jumapili. Ugumu unakuja wanapotaka kushtaki.

Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamtia hatiani anayeomba, anayepokea na anayetoa pia. Kifungo kinaweza kufika miaka 10. Kwa hiyo aliyelipa anaogopa kwamba akisema, anajishtaki mwenyewe. Risiti hana, na aliyeona pesa zikipita ni askari mwenzake. Halafu askari huyohuyo ndiye atakayesimamia foleni siku ya mgao wa chakula. Walalamikaji wanaacha njiani, na bila shahidi mwendesha mashtaka hana kesi.

Lakini kuomba peke yake ni kosa, hata kama hujatoa shilingi. Ndiyo maana ni vizuri kuripoti kabla ya kulipa. Wapelelezi wa rushwa wakijua mapema, huandika namba za noti, pengine huzipaka poda maalumu, unazipeleka, nao wanamkamata akiwa nazo. Usijaribu mtego huu peke yako: bila wao, mbele ya sheria wewe ni mtoaji tu. Kama umeshalipa, ongea kwanza na mwanasheria wa msaada wa bure.

Uripoti wapi? Ndani ya polisi kuna kitengo cha nidhamu kinachoitwa PSU. Kinaweza kumpeleka askari kwenye mahakama ya nidhamu ya polisi, ingawa, tusidanganyane, mara nyingine mwisho wake ni uhamisho, na tatizo linahamia kituo kingine. Ofisi ya IGG iko nje ya polisi na Katiba inairuhusu kushtaki yenyewe. Ina matawi mikoani: Mbarara ni karibu kwa watu wa Nakivale na Oruchinga, Hoima kwa Kyangwali. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumwadhibu mtoa taarifa. Kesi ikifika Kitengo cha Rushwa cha Mahakama Kuu, Kampala, kutoka Nakivale ni zaidi ya kilomita 250, kwa hiyo uliza mapema kuhusu nauli ya shahidi.

Ukienda kuripoti, beba haya kwenye karatasi: jina au namba iliyo kifuani mwa askari, kituo, siku na saa, kiasi alichoomba, maneno aliyotumia, na namba ya SD ya kesi ya ndugu yako.